Kuhamisha rolakosta ya familia na kuipa jina: maelekezo kwa shemeji yangu, na kwa yeyote mwenye wazo kama lake

Wiki tatu zilizopita shemeji yangu wa Arusha alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Ameona tangazo la rolakosta ya familia, yaani ile treni ya burudani inayopanda na kushuka vilima kwenye reli yake, imetumika, iko Ujerumani, mwenyewe amezeeka anataka kupumzika. Akaambatanisha picha sita. "Shemeji, si ndiyo kazi yako hiyo? Tuibebe?" Halafu mwishoni kabisa, kama mtu anayetaja jambo dogo, akasema jina ameshapata. Ataiita Jongoo, na mchora mabango keshalipwa nusu.

Nilikuwa nimekaa ndani ya gari nasubiri barafu iyeyuke kwenye kioo. Nilicheka hadi jirani aliyekuwa akikwangua gari lake akanigeukia. Siku ile nilimjibu kwa kifupi tu: usilipe chochote, na mchora mabango msimamishe. Jibu refu ndilo hili.

Mimi ni seremala, mtoto wa Tanga, na huu ni mwaka wa kumi na moja nafanya kazi kwenye uwanja mdogo wa burudani wa familia huku Pennsylvania. Msimu ukiwa wazi, kila asubuhi kabla geti halijafunguliwa natembea juu ya reli ya mbao na nyundo na spana, nagonga huku nasikiliza. Bolti iliyokaza ina mlio mkavu. Iliyolegea inajibu kwa uvivu. Baridi ikiingia tunafunga geti na kufungua mabehewa yote, kipande kwa kipande, hadi meza zinajaa. Nimeshiriki pia kuhamisha rolakosta moja ndogo ya chuma, toka siku ya kwanza hadi mtoto wa kwanza alipoipanda, na kosa kubwa kuliko yote katika kazi ile lilitoka mikononi mwangu. Tutalifikia.

Kabla hujatoa hata shilingi

Nenda ukaione ikiwa imesimama na inatembea. Ikishafunguliwa na kulazwa kwenye majani, hakuna mtu duniani atakayekwambia kwa uhakika kama ilikuwa nzima. Ipande mwenyewe, behewa la mbele kwanza, kisha la nyuma kabisa. La nyuma ndilo linalovutwa kwa nguvu kwenye kila mteremko, kwa hiyo ndilo litakalokuonyesha reli ilipopinda na kiungo kilipochoka. Ukitoka na shingo inauma, kumbuka ni sehemu ipi ya mzunguko iliyokuuma, urudi hapo kwa miguu.

Baada ya hapo omba tochi, ulale chini ya behewa. Utakuta magurudumu ya aina tatu: ya juu yanayobeba uzito, ya ubavuni yanayoongoza kwenye kona, na ya chini yanayoishika reli kwa tumbo lake ili behewa lisinyanyuke. Hayo ya chini ndiyo yaliyoruhusu rolakosta kuwa na vilima vikali. Mmarekani John Miller aliyawekea hataza mwaka 1919. Yatikise kwa mkono moja moja. Yanayocheza andika.

Ekseli usiziamini kwa macho. Kuna kipimo kimoja rahisi ambacho hadi leo kinanisisimua. Fundi anasafisha chuma, anapaka rangi nyekundu nyepesi inayopenya kama mafuta, anaiacha kidogo, anaifuta yote. Chuma kinabaki kisafi kabisa, unaona kama amepoteza muda. Kisha anapuliza unga mweupe. Kama kuna ufa, hata mwembamba kuliko unywele, rangi iliyojificha ndani inapanda juu na mstari mwekundu unajichora wenyewe mbele ya macho yako. Mara ya kwanza kuona hivyo, ekseli yenyewe ilikuwa ya behewa ambalo watoto walikuwa wamelipanda msimu mzima. Hakuna aliyezungumza pale mezani kwa muda.

Tuje kwenye makaratasi, na hapa shemeji una bahati. Mashine za Ujerumani zinazotembea toka gulio hadi gulio hulazimika kuwa na kitabu cha ukaguzi, na kila mkaguzi anayeipitia huandika humo. Kitabu hicho ni nusu ya thamani ya mashine. Muuzaji akisema kimepotea, mshukuru kwa chai, uondoke. Uliza pia kiwanda kilichoitengeneza kama bado kipo, na magurudumu ya akiba yanapatikana wapi. Kigezo cha kimataifa cha mashine hizi ni ISO 17842, na Ulaya wana chao, EN 13814. Mkaguzi wako atataka kujua ipi ilifuatwa.

Umeme nao unakupendelea. Ulaya wanatumia mzunguko wa hezi 50 kama Tanzania. Ungenunua ya Marekani, mota zake ni za hezi 60. Ukizichomeka Arusha zinazunguka kwa sehemu tano kati ya sita za kasi yake, yaani zimepungukiwa karibu asilimia 17, na zinaweza kuungua kwa joto usipozirekebishia umeme. Treni inayopandishwa kwa mnyororo mvivu watoto hawailalamikii, lakini mota iliyoungua Jumamosi ya Pasaka utailalamikia wewe.

Na uwe tayari kurudi mikono mitupu. Knoebels, uwanja wa familia ulio Elysburg hapa Pennsylvania, waliwahi kuitamani rolakosta ya mbao iitwayo Mister Twister, iliyobaki kwenye uwanja wa zamani wa Elitch Gardens mjini Denver. Walikwenda, wakaitazama, wakaona haihamishiki. Walichofanya ni kuchukua wazo la mchoro wake na kujenga mpya nyumbani, ikafunguliwa mwaka 1999 kwa jina la Twister. Kwangu mimi huo ni ununuzi mzuri kuliko wengi niliowahi kuuona, ingawa hawakununua.

Kufungua ndiyo kazi; kufunga ni kusoma ulichoandika

Knoebels hao hao ndio walionifundisha, bila wenyewe kujua, namna kazi hii inavyofanywa. Ukifika pale kiingilio ni bure na maegesho bure, unalipia unachopanda tu. Rolakosta yao maarufu, Phoenix, ni ya mbao, ina urefu wa karibu mita 24 kwenda juu, reli ya kama mita 975, kasi ya kilomita 72 hivi kwa saa. Mtoto wa sentimita 107 anaruhusiwa. Tangu 2018 imewahi kupigiwa kura mara kadhaa kuwa rolakosta bora ya mbao duniani. Mgeni hawezi kujua kwamba haikuzaliwa pale.

Ilijengwa na kampuni ya Philadelphia Toboggan mwaka 1947, mchoro wa Herbert Schmeck, kwenye uwanja wa Playland mjini San Antonio, Texas. Huko iliitwa Rocket. Uwanja ulifungwa mwaka 1980 na rolakosta ikabaki imesimama peke yake juani. Ikapita miaka. Knoebels wakamtumia Charles Dinn, mtu aliyesimamia ujenzi wa rolakosta ya The Beast kwenye uwanja wa Kings Island, Ohio, wakaifungua, wakaipakia kwenye malori, wakaisafirisha zaidi ya kilomita 2,400 hadi bonde lenye miti huku kaskazini. Juni 1985 watu walikuwa wanaipanda.

Siri yao haina uchawi: kila ubao ulipigwa namba na kuandikwa kabla haujatolewa. Fikiria maana yake. Nguzo za rolakosta ya mbao kwa mbali zinafanana kama vijiti vya kiberiti, lakini kila moja imekatwa kwa pembe ya mahali pake. Ukibadilisha mbili, zote mbili hazikai, na utaanza kuzichonga zikae, na ukishachonga umeharibu na ya tatu.

Sasa kosa langu. Ile ya kwetu ilikuwa ya chuma, ndogo, vipande kumi na tisa vya reli. Kumi na tisa! Nilipewa kazi ya kuweka lebo kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Nilinunua kadi za plastiki, nikaziandika kwa kalamu nene ile wanayosema haifutiki, nikazifunga kwa waya. Nilijiona fundi. Vipande vikakaa nje wiki saba kwenye theluji, halafu mtu mmoja mwema akaamua kuosha grisi kwa dizeli kabla ya kupaka rangi. Tulipoanza kufunga, kadi kumi na moja zilikuwa nyeupe pee, na mbili zilikuwa zimekatika na kuokotwa zikafungwa pasipo pake.

Siku tatu tulizunguka na vile vipande kama watoto na fumbo la picha. Kona mbili zilikuwa zinafanana kwa macho, zinafanana kwa urefu, matundu ya bolti yanaingiliana. Tofauti yake ilikuwa mlalo wa nyuzi chache tu. Kilichotuokoa ni kutu. Pale kipande kinapokutana na mwenzake, alama ya kutu huacha ramani pande zote mbili, na mzee mmoja wa kazi aliinama na tochi akaanza kuzioanisha kama mtu anayelinganisha alama za vidole. Mimi nilikuwa nashika tochi tu, kimya.

Tangu siku ile sheria zangu ni hizi. Namba igongwe kwa nyundo na chapa kwenye kipande chenyewe cha chuma, mahali ambapo rangi haitaziba, na irudiwe upande wa pili. Kila kiungo kiwe na herufi yake, na herufi hiyo ipigwe pande zote mbili: A inakutana na A. Mshale uonyeshe treni inakokwenda. Chora mzunguko mzima kwenye karatasi kubwa, ujaze namba humo wewe mwenyewe, siyo kijana wa kutumwa. Piga picha kila kiungo kabla ya kufungua na baada ya kufungua, na picha zenyewe ziwe kwenye simu mbili za watu wawili wasiosafiri pamoja. Bolti za kila kiungo ziingie mfuko wake wenye namba ile ile, kisha ukifika nyumbani nunua bolti mpya za daraja lile lile na uzitupe zile za zamani. Ndiyo, zitupe. Ulizihifadhi ili ujue urefu na daraja lake, siyo uzirudishe.

Na sensa, yaani vile vijicho vidogo vinavyoiambia kompyuta treni iko wapi. Usikate waya zake. Vijana wana haraka na koleo. Kila waya ufunguliwe kwenye skrubu yake na ufungwe lebo, maana umeme wa rolakosta ndogo unaweza kukuchelewesha kuliko chuma chote.

Njiani

Hapa sitakaa sana. Kontena la futi 40 kwa ndani lina urefu wa mita 12 na upana wa mita 2.35 hivi. Kipande cha reli kilichonyooka kinaingia; kona pana huenda isiingie hata ukiilaza ubavu, na hapo utahitaji kontena la wazi juu au jukwaa tupu, ambayo bei yake ni nyingine kabisa. Kwa hiyo pima kipande kipana kuliko vyote kabla ya kukubaliana bei ya mashine. Mbao zote utakazotumia kufungia mzigo ziwe na muhuri wa ISPM 15, maana yake zimepashwa joto hadi nyuzi 56 kwa nusu saa ili wadudu wafe. Bila muhuri mzigo unaweza kuzuiwa bandarini kwa sababu ya vibao vya bei ya soda. Mpigie wakala wa forodha na uwaulize TBS, shirika letu la viwango, mapema, wakati mashine bado iko Ujerumani, siyo siku meli inatia nanga. Na kwa kuwa mimi ni wa Tanga nitasema tu: kutoka bandari yetu hadi Arusha ni kama kilomita 430, na dereva atakula samaki wa maana kabla ya kuondoka.

Panga pia mahali pa kuiweka ikichelewa. Rolakosta ya mbao iitwayo Comet ilitolewa Crystal Beach, Ontario, baada ya uwanja ule kufungwa mwaka 1989, na haikubeba abiria tena hadi 1994, ilipofunguliwa Great Escape huko Lake George, New York. Miaka mitano. Yako ikikaa miezi mitano chini ya turubai lenye tundu, ekseli zitakuwa zimeanza kazi nyingine.

Kusimamisha

Mashine za gulioni huko Ulaya husimama juu ya vipande vya mbao vilivyopangwa chini ya miguu yake, kwa sababu leo ziko hapa na Jumatatu ziko kwingine. Yako haiendi popote. Mwagia msingi wa zege kila mguu, hasa kama kiwanja kina ule udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Mpima ardhi aje na mashine yake, apime kimo cha kila msingi. Tofauti ya sentimita chache kwenye mguu mmoja inageuka kuwa kona inayotupa watoto upande usiopangwa.

Anza kufunga kwenye stesheni, uende na mshale. Bolti zote zishikwe kwa mkono kwanza hadi mzunguko ufungane, ndipo zikazwe kwa spana yenye kipimo, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha kiwanda. Ukimaliza kukaza, chora mstari wa rangi unaovuka bolti na chuma. Kila asubuhi baada ya hapo utaangalia mstari tu: ukivunjika, bolti imezunguka.

Safari ya kwanza ni ya treni tupu. Ya pili na nyingine nyingi ni za mifuko ya mchanga. Ijaribu asubuhi yenye baridi na mchana wenye jua, kwa sababu mabehewa hayatembei sawa: grisi ikiwa nzito treni ni mvivu, ikipata moto inakimbia. Asubuhi za Julai Arusha utaziona. Treni ikikosa kasi ya kupanda kilima kinachofuata, inarudi nyuma, inakwenda mbele, inarudi tena, hadi inatulia bondeni kama bembea iliyoachwa. Ikitokea na mifuko ya mchanga ni somo. Jifunze siku hiyo hiyo namna ya kuitoa, na namna ya kushusha watu kutoka sehemu ya juu, ili usije ukabuni mbele ya kina mama.

Ule mlio wa ta-ta-ta wakati treni inapanda ni vyuma vinavyodondokea kwenye meno ili treni isirudi nyuma mnyororo ukikatika. Visafishe, usivinyamazishe. Nimewahi kuona mtu akivipaka grisi nyingi "ili visipige kelele". Waite OSHA wa Tanzania, wakala wa usalama kazini, wakague kabla ya kuuza tiketi hata moja, na kitabu cha ukaguzi kiendelee na kurasa mpya za Kiswahili.

Sasa hilo jina

Swali la kwanza: jina la zamani libaki? Angalia wanaojua jina hilo wanaishi wapi. Huko Illinois kulikuwa na rolakosta ndogo ya mbao, Little Dipper, ya mwaka 1950, kwenye uwanja wa watoto wa Kiddieland, Melrose Park. Kiddieland ilipofungwa mwaka 2009, Six Flags Great America ya Gurnee waliichukua na kuizindua kwao mwaka uliofuata. Ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Mabibi walioipanda wakiwa wadogo wanaweza kuwapeleka wajukuu, na wanaitafuta kwa jina lao. Wakaiacha iitwe Little Dipper. Phoenix ilikuwa kinyume chake: Pennsylvania nani alikuwa na kumbukumbu ya Rocket ya Texas? Wakaipa jina la ndege wa hadithi za kale anayeungua hadi majivu kisha akafufuka humo humo majivuni. Jina likasimulia safari yenyewe. Yako inatoka kwenye magulio ya Ujerumani. Arusha hakuna anayeidai. Libadilishe bila huruma.

Hata kubadilisha mara mbili si dhambi. Kuna rolakosta ya mtindo wa treni ya mgodini iliyoanza mwaka 1971 karibu na St. Louis kama sehemu ya River King Mine Train. 1989 ikaonekana Dollywood, Tennessee, ikiitwa Thunder Express. Na tangu 2002 iko Magic Springs, Arkansas, inaitwa Big Bad John. Kila alipoolewa alichukua jina la huko.

Ila usichukue jina la mtu mwingine. Huu ndio ugonjwa wa viwanja vyetu vya watoto: ukuta mzima umechorwa vikatuni vya watu, hakuna aliyeombwa ruhusa. Tazama rolakosta moja ya watoto pale Kings Island. Ilifunguliwa mwaka 1972 kwa jina la Scooby-Doo, kwa kuwa wenye uwanja ndio walikuwa wenye katuni. Mwaka 1980 ikawa Beastie, mdogo wake The Beast. Mwaka 2006, chini ya kampuni ya filamu ya Paramount, ikawa The Fairly Odd Coaster, katuni nyingine ya televisheni. Uwanja ukauzwa, haki za katuni zikaondoka na wenyewe, na 2010 ikawa Woodstock Express. Mbao ni zile zile. Blackpool, Uingereza, nako Zipper Dipper ya mwaka 1934 iligeuzwa Blue Flyer mwaka 2011, eneo lake lilipopewa sura ya Nickelodeon, televisheni ya watoto. Hao wote walikuwa na mikataba na bado wakalipia mabango mapya. Wewe usiye na mkataba utalipia na wakili. Tunga la kwako, kaliulizie BRELA, wakala wa usajili, kama halijasajiliwa, ulisajili. Na kwenye mkataba wa kununua iandikwe wazi kama unanunua chuma tu au chuma na jina.

Jambo la pili, na hili halimo kwenye kitabu chochote: watoto huipa treni jina la kile wanachokiona usoni. Ile ya kwetu ilitungiwa jina la joka, bango likachorwa joka linatema moto, fulana zikachapwa. Treni ilipotolewa kwenye lori, behewa la mbele lilikuwa na kiwavi anayetabasamu, mashavu mekundu. Mwenye uwanja akasema watoto watazoea. Leo hii, misimu mingi baadaye, hakuna mtoto hata mmoja anayesema joka. Wanasema "yule mdudu". Bango bado linatema moto pale juu, peke yake.

Kwa hiyo nilirudi kwenye picha zako sita, shemeji. Picha ya nne inaonyesha behewa la mbele: macho mawili, vipembe viwili, tabasamu. Mdudu mrefu. Naona ulikolitoa Jongoo, na kwa sura hukukosea. Lakini fikiri kama mtu mzima. Mashine yako kazi yake ya kwanza ni kupanda mlima. Siku ya uzinduzi sensa itaona vumbi na treni itasimama katikati ya mlima, hiyo nakuhakikishia, mbele ya wageni rasmi na simu mia mbili zinarekodi. Na wewe umeiita Jongoo. Unadhani kuna mwanaume Arusha atakayekosa kusema jongoo hapandi mtungi? Utaitwa wewe hilo jina hadi uzeeni, na dada yangu ataulizwa sokoni.

Kiwavi pia acha. Mkulima aliyeliwa mahindi na viwavijeshi hatampandisha mtoto wake. Kinyonga ni mzuri, anayumba vizuri, lakini wako wazee wanaomwona kuwa nuksi na hawatakaa hata foleni. Nyoka sitajibu. Popobawa, lile zimwi la Pemba ulilopendekeza juzi kama utani, Wapemba watafunga safari kuja kukupiga.

Pendekezo langu ni Nyungunyungu. Anazama, anaibuka, hana meno, hang'ati mtu, hali mahindi, bustani inamhitaji. Sura ya behewa inamkubali ukimwondoa vipembe. Na mdomoni ni raha: nilimpa binti yangu wa miaka sita alitamke akakataa kuacha hadi tulipofika shule. Lifanyie majaribio mawili. Simama upande wa pili wa uwanja ulipige ukelele. Likifika na irabu zake zote, zuri. Kisha litie kwenye sentensi ya mtoto: "Mama, nataka tena Nyungunyungu." Kama sentensi inakwama, jina halifai. Kipaza sauti chako cha getini nacho kilijaribu, maana vile vya bei nafuu humeza konsonanti.

Ukiona ni refu kwa bango, punguza ukubwa wa herufi. Au liite tu Treni ya Mlima, hakuna ubaya. Great Yarmouth, Uingereza, wana rolakosta ya mbao iliyofika pale mwaka 1932 ikitokea Paris kwenye maonyesho ya makoloni, hadi leo inaendeshwa na mtu anayekaa ndani ya treni akishika breki, na jina lake ni Roller Coaster. Basi.

Mchora mabango mwambie asubiri hadi behewa la mbele lifike, akae nalo uso kwa uso ndipo achovye brashi. Pesa uliyompa ageuze iwe ya vibao vya urefu wa mtoto, vile vya "ukifika hapa unapanda", utahitaji vinne.

Na zile picha sita zote zimepigwa kwa mbele, jua linawaka, rangi inang'aa. Mwambie yule mzee akupigie ya saba: chini ya behewa la mwisho, akiwa na tochi, gurudumu la ndani upande wa kushoto. Akikuuliza kwa nini, niambie amekuuliza kwa sauti gani.